Ufundi wa Kunyima

Chukua programu ya DOS ya mwaka 1991, mojawapo ya zile za kuandikiwa amri kwenye skrini nyeusi, uibofye kwenye kompyuta ya leo yenye Windows 11. Utajibiwa kwamba haiwezi kufanya kazi kwenye mashine hiyo, basi. Wengi huishia hapo, wakaamini kuwa imekufa. Haijafa. Faili ni lile lile, halijabadilika hata baiti moja. Kilichotoweka ni mazingira iliyozaliwa nayo, na wapo watu waliojitolea kuyajenga upya mazingira hayo, kipande kwa kipande. Mimi ni mshabiki wao.

Sababu ya kukataliwa iko ndani ya prosesa. Mwaka 1985 Intel ilitoa 80386, prosesa iliyoweza kujifanya 8086 ya zamani mbele ya programu moja huku ikiendelea na shughuli zake nyingine. Microsoft iliutumia uwezo huo katika Windows NT ya 1993, na kwa miaka mingi programu za DOS zilipita mlango huo bila mtu kujua kuwa kuna mlango. Zilipokuja prosesa za biti 64 zilizobuniwa na AMD, uwezo huo haukuwekwa katika hali ya biti 64. Matoleo ya Windows ya biti 64 yakaziacha programu za DOS nje, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32 ambalo mtu angelikimbilia.

DOSBox, programu iliyotolewa mwaka 2002 na Waholanzi wawili, Peter Veenstra na Sjoerd van der Berg, haiombi msaada huo wa prosesa. Inaigiza kompyuta nzima: prosesa, saa, kibodi, kadi ya sauti, skrini. Programu ya DOS ikitaka kuonyesha herufi ya njano, mara nyingi haimwombi yeyote. Inaweka baiti mbili, moja ya herufi na moja ya rangi, mahali palipopangwa na IBM kwenye kumbukumbu tangu 1981. Herufi 80 kwa mistari 25, yaani baiti 4,000 kwa skrini nzima. DOSBox hukaa ikizichungulia baiti hizo na kuzichora upya ndani ya dirisha la kisasa, na programu haijui kuwa skrini yenyewe iliondoka zamani.

Mtu angedhani kazi ngumu ni kuipa programu ya zamani nguvu za kutosha. Wapi! Nguvu zipo hadi za kumwaga. Programu hizi hufa kwa shibe, na ufundi wenyewe ni wa kunyima.

Mfano ninaoupenda ni kosa namba 200. Turbo Pascal, zana ya Borland ya kuandikia programu, ilikuwa na kifurushi cha kushughulikia skrini na kibodi, na ndani yake amri ya kusubiri kwa milisekunde kadhaa. Ili ijue milisekunde ni ndefu kiasi gani kwenye mashine iliyomo, programu iliyoandikwa nayo ilianza kwa kujipima: inazunguka bure ikihesabu mizunguko hadi saa ya kompyuta ipige mara moja. Saa hiyo hupiga mara 18.2 kwa sekunde, kama milisekunde 55 kati ya pigo na pigo. Kisha jumla inagawanywa kwa 55, na jibu linatunzwa katika nafasi ya biti 16, isiyoweza kubeba zaidi ya 65,535. Kwa mashine za wakati ule nafasi ilikuwa pana. Zilipofika prosesa za kasi ya megahezi 200 hivi na kuendelea, jibu likazidi chombo, na programu ikaanguka kabla haijaonyesha hata ukurasa wa kwanza. Kosa lake ni kuwekwa kwenye mashine yenye kasi mno.

Sasa fungua faili la mipangilio la DOSBox, utafute mstari wa cycles, uandike cycles=3000. Maana yake ni kwamba prosesa ya kuigiza itatekeleza maagizo 3,000 tu katika kila milisekunde. Mashine ya kweli iliyo chini inaweza mara maelfu ya hapo, lakini inazuiwa, inangoja, inajikongoja kwa makusudi. Programu inajipima, inapata jibu linalotosha, inafunguka. Hakuna aliyeigusa.

Kumbukumbu nayo ina shibe yake. Programu nyingi zilibanwa kwa kifaa cha Microsoft kiitwacho EXEPACK ili zichukue nafasi ndogo kwenye diski. Kifunguzi chake kilikuwa na kasoro iliyojificha, kwa sababu siku zile hakuna programu iliyopakiwa chini kabisa ya kumbukumbu. DOS yenyewe ilikuwa imekaa pale. DOS 5 ya mwaka 1991 ikajifunza kuhamia juu, programu zikapata nafasi ya chini, na zile zilizobanwa zikaanza kulalamika kuwa faili limeharibika. Dawa ikawa amri ya LOADFIX, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kilobaiti 64 za mwanzo hazitumiki. DOSBox inayo amri hiyo hadi leo. Yaani waliojenga mazingira ya kuigiza walijenga nyumba, wakajenga kasoro yake, kisha wakajenga na kiraka cha kasoro.

DOSBox ina mpaka wake, na wenyewe hawakuuficha: waliitengeneza kwa ajili ya michezo. Mhasibu mwenye programu ya stoo atakwama akitaka kuchapa ankara, maana printa hawakuishughulikia. Hapo ndipo Jos Schaars alipoichukua kazi yao akatengeneza vDos, ya programu za maandishi za ofisini, inayopeleka machapisho kwenye printa ya Windows. Ilitunza hata jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa: programu ya DOS ikingoja kibodi huwa haipumziki, inauliza bila kukoma kama kuna kitufe kimebonyezwa, na prosesa inachemka kwa kazi ya bure. vDos hulitambua swali hilo linalojirudia na kuiacha prosesa ipumue.

Wanaohitaji haya si wapenda michezo tu. UNESCO ilianza kusambaza CDS/ISIS, programu ya hifadhidata, kwa kompyuta ndogo mwaka 1985, bure kwa taasisi zisizo za biashara, na maktaba nyingi za Afrika, za Tanzania na Kenya zikiwemo, ziliorodhesha vitabu na ripoti zao humo. Rekodi zinakaa katika faili la MST, na faili la XRF linaonyesha kila moja ilipo. Kwa Excel hazifunguki. Lakini programu yenyewe, ikiamshwa ndani ya DOSBox hata kwa saa moja, ina kipengele cha kuzitoa zote kwa muundo wa ISO 2709, ambao mifumo ya maktaba ya leo, Koha kwa mfano, inaujua. Atakayeifanya kazi hiyo aanze kwa kunakili folda nzima pembeni, na aangalie mapema kwamba kila jina la faili halizidi herufi nane na tatu za mkia.