Bunduki ikishafika, nani anaipokea? Kuitazama Lord of War tukiwa Uvira

Kila mara mazungumzo ya silaha yakianza hapa Uvira, lazima mmoja ataitaja Lord of War. "Umeiona ile filamu ya Nicolas Cage? Kila kitu kiko mule." Filamu hiyo ya Andrew Niccol ilitoka mwaka 2005, na mpaka leo inazunguka kwenye simu na flash za wanachuo, mara nyingi ikiwa imetiwa Kifaransa. Mimi nimeitazama zaidi ya mara moja, na ninaipenda. Lakini wandugu, sikubali kwamba kila kitu kiko mule. Imeacha jambo moja kubwa, na jambo hilo ndilo linalotuhusu sisi wa huku pembeni ya Tanganyika: bunduki ikishafika, nani anaipokea, na baada ya huyo inakwenda kwa nani?

Kwa ambaye hajaiona: Yuri Orlov ni mtoto wa wahamiaji kutoka Ukraine, amekulia Brighton Beach, New York. Anaanza na bunduki moja moja, kisha Muungano wa Kisovyeti unavunjika, maghala ya Ukraine yanabaki bila mwenye kuyalinda, naye anakuwa tajiri. Anauzia watawala wa kivita wa Afrika, hasa rais mmoja wa Liberia aliyechorwa kwa sura ya Charles Taylor. Wengi humlinganisha Yuri na Viktor Bout, yule Mrusi ambaye ndege zake zilitajwa katika ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu vita vya Angola, Sierra Leone, Liberia na hata Kongo yetu. Bout alikamatwa Bangkok mwaka 2008, akahukumiwa miaka 25 Marekani mwaka 2012, na Desemba 2022 akabadilishwa na mchezaji wa basketi Brittney Griner.

Filamu inafunguka kwa safari ya risasi moja. Kamera inakaa juu ya ile risasi: inatoka kiwandani, inaingia kwenye sanduku, inavuka bahari, inafika Afrika, inaingia kwenye mtutu, na mwisho inampiga mtoto kwenye paji la uso. Ni dakika chache tu lakini huzisahau. Sifa zote kwa Niccol.

Lakini tufikiri kidogo. Kwa nini alichagua risasi na si bunduki? Nadhani ni kwa sababu risasi ina mwisho. Inasafiri mara moja, inaua au inakosa, basi. Hadithi imekamilika na watazamaji wanaweza kulia. Bunduki haiko hivyo. AK iliyotengenezwa kabla baba yako hajaoa inaweza kuwa inafanya kazi mpaka leo. Imeshauzwa, imenyang'anywa, imefichwa chini ya udongo, imekodishwa kwa usiku mmoja, imerudishwa kwenye kambi ya kupokonya silaha, halafu imetoka tena. Ukitaka kuifuata kwa kamera, filamu haiishi. Ndiyo maana naona ufunguzi ule, pamoja na uzuri wake, umetudanganya kidogo. Umetuzoesha kuwaza kwamba safari ya silaha ni mstari mmoja: kutoka kiwanda cha mzungu hadi kichwa cha Mwafrika.

Tazama tena tukio la ile ndege ya Antonov. Yuri amebeba shehena, ndege ya kivita inamlazimisha kushuka, rubani anatua barabarani katikati ya mahali pasipo na kitu. Yuri anajua polisi wa kimataifa wanakuja. Anafungua mlango na kuwagawia wanakijiji bunduki bure, ili asikutwe na ushahidi. Wanakuja wanaume, wanawake, watoto, kila mtu anachukua chake na kuondoka. Muda mfupi baadaye ndege ni tupu.

Kwangu mimi hapo ndipo filamu ilipofika mlangoni mwetu. Kwa mara ya kwanza silaha zinatoka kwa mkubwa na kuingia mikononi mwa watu wa kawaida. Na kamera inafanya nini? Inabaki na Yuri. Anakaa chini amefungwa pingu, usiku unapita, wanakijiji wanarudi na kuibomoa ndege yenyewe kipande kwa kipande hadi pale panabaki udongo tu. Picha nzuri sana, watu wanacheka. Lakini hatumfuati hata mmoja wa wale walioondoka na bunduki begani. Yule mama alikwenda nayo wapi? Aliiuza shilingi ngapi? Jirani yake alilala vipi usiku ule? Filamu haina swali kwa ajili yao. Hawana jina, hawana sentensi. Wanapokea na kupotea.

Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ina shida inayofanana. Hiyo ni filamu ya uhalisia, iliyopigwa Mwanza, pembeni ya Ziwa Victoria. Inaonyesha ndege kubwa zikichukua minofu ya sangara kwenda Ulaya, na inauliza zinapokuja zinaleta nini. Jibu inalosukuma ni silaha, zikielekea kwenye vita kama vya kwetu. Filamu ilifika hadi kuteuliwa kwa tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwa kuichafua Tanzania. Ugomvi wote ulikuwa juu ya swali moja: ndege zilibeba silaha au hazikubeba? Sisi tuliokuwa mwisho wa ile njia hatukuulizwa kitu. Kongo katika filamu ile ni jina tu la mahali mzigo unapokwenda.

Filamu mbili, na zote mbili hazishuki kwenye ndege.

Ziwa letu lenyewe lina kumbukumbu ndefu kuliko sinema. Karne ya 19 magobori yalipanda kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Ujiji, yakavuka ziwa pamoja na misafara ya pembe na watumwa, na watu kama Rumaliza wakatawala pwani hizi kwa nguvu ya bunduki. Mwaka 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels uliozuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa chini ya usimamizi wa serikali. Serikali zenyewe, bila shaka, zilikuwa za wakoloni. Aprili 1965 Che Guevara alivuka usiku kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Fizi, kuwasaidia waasi. Silaha za China na za Wasovyeti zilipitia Dar es Salaam na Kigoma, kisha zikapandishwa boti. Novemba mwaka huohuo Wakuba waliondoka. Bunduki hazikuondoka nao zote. Maquis ya Laurent-Désiré Kabila kule Hewa Bora iliendelea hadi miaka ya 1980.

Kwa hiyo Antonov si picha yetu. Picha yetu ni boti ya usiku, ni mfuko wa makaa, ni njia za mguu za bonde la Ruzizi, ni bunduki moja moja. Kutoka Kavimvira hadi Bujumbura ni kama kilomita 30 tu. Hapo tajiri wa New York hahitajiki.

Nilipokuwa nawaza haya nilikutana na sheria moja ya Marekani, nchi ambayo sisi wote tunaiona kama soko huria la bunduki. Tuseme bwana mmoja wa Ohio ana bunduki yake ya kuwindia, anataka kumuuzia mtu binafsi aliyeko Texas. Je, anaweza kuifunga kwenye boksi na kumtumia nyumbani? Hapana. Tangu sheria ya mwaka 1968, mtu binafsi haruhusiwi kumkabidhi bunduki moja kwa moja mkazi wa jimbo lingine, ukiacha mambo machache kama urithi. Lazima aitume kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo la mnunuzi. Huyo muuzaji anaiandika kwenye daftari lake pamoja na namba yake. Mnunuzi anakwenda pale yeye mwenyewe, anaonyesha kitambulisho, anajaza fomu namba 4473, rekodi zake zinapekuliwa, ndipo anakabidhiwa.

Siisifii Marekani. Ndani ya jimbo moja sheria hiyohiyo ya taifa haimlazimishi mtu binafsi kumpekua mtu anayemuuzia, na majimbo mengi hayajaziba tundu hilo. Lakini angalieni wazo lenyewe. Sheria haikutegemea uaminifu wa muuzaji, wala ulinzi wa njia. Imeweka mkono unaojulikana pale mwisho, kwa mpokeaji. Kuna mtu mwenye jina, mwenye daftari, ambaye kesho polisi wakija na namba ya bunduki atalazimika kujibu.

Sasa tulinganishe na biashara ya nchi na nchi. Huko kuna karatasi inayoitwa hati ya mtumiaji wa mwisho. Serikali inayonunua inaandika: silaha hizi ni zangu, sitampa mwingine. Lord of War inatuonyesha jinsi hati hizo zinavyonunuliwa na kughushiwa, na hapo iko sawa kabisa. Lakini tuchukue hata hati ambayo ni halali. Inaishia kwenye mlango wa ghala. Baada ya hapo ni nani mwenye daftari?

Kwetu sheria hazikosekani. Kuna sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985, inayodai kibali kwa mtu binafsi. Kuna Itifaki ya Nairobi ya 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa 2010, na yote miwili inataka silaha zipigwe alama na ziandikwe. Kuna vikwazo vya Umoja wa Mataifa tangu Azimio 1493 la Julai 2003, yaliyoanza na makundi ya Kivu na Ituri. Desemba 2022, Azimio 2667 liliiondolea serikali yetu masharti ya mwisho ya kununua, yaani wanaoiuzia silaha hawalazimiki tena kuijulisha kamati ya vikwazo. Wengi tulishangilia, na haki ya nchi kujilinda naikubali. Lakini kadiri mlango wa mbele unavyofunguka, ndivyo daftari la ndani linavyozidi kuwa muhimu.

Na ndani kunapita nini? Mwaka 2023 serikali iliunda jeshi la akiba, RAD, na Wazalendo wakaongezeka kila kona. Februari 2025, baada ya Bukavu kuanguka, askari waliokimbilia huku walipigana na Wazalendo waliotaka waziache silaha zao. Watu walikufa. Desemba 2025 M23 ikaingia Uvira, Januari 2026 ikaondoka. Kila badiliko kama hilo, bunduki zinabadilisha mikono: zinatupwa, zinaokotwa, zinauzwa. Hakuna ndege iliyotua. Hakuna Yuri.

Najua jibu nitakalopewa. Eti wewe unawasafisha wazungu, unatulaumu sisi. Hapana. Maandishi ya mwisho ya filamu yanakumbusha kwamba wauzaji wakubwa wa silaha ni Marekani, Uingereza, Urusi, Ufaransa na China, walewale watano wa kudumu wa Baraza la Usalama. Hilo litabaki kuwa aibu yao. Hata watengenezaji wa filamu walinunua maelfu ya bunduki halisi kwa sababu zilikuwa rahisi kuliko za bandia, na hapo utaona dunia ilivyojaa vitu hivi. Lakini kama kosa lote liko mbali, basi sisi hatuna kazi ya kufanya isipokuwa kutazama na kutikisa kichwa. Hapo ndipo filamu inapotuharibia. Inatupa hasira bila kutupa swali ambalo tunaweza kulishika.

Swali lenyewe ni dogo na la kuchosha. Bunduki inapotolewa ghalani, namba yake inaandikwa wapi, na kwa jina la nani? Kijana akijisalimisha kwenye mpango wa PDDRCS akaleta bunduki yake, je, ile namba inasomwa na kufuatwa nyuma hadi ilikotoka, au chuma kinatupwa tu kwenye lundo? Bunduki ikikutwa kwa mwizi hapa Mulongwe au Kasenga, kuna yeyote anayeulizwa, au kesi inaishia kwa yule mwizi?

Wanafunzi wa sheria, kila mwaka naona kazi za mwisho juu ya "tatizo la silaha Mashariki mwa Kongo", kurasa themanini zinazoanza na Vita Baridi. Mmoja wenu achukue kitu kidogo: kifungu kimoja cha Mkataba wa Kinshasa juu ya kupiga alama, akilinganishe na sheria yetu ya 1985, aonyeshe palipo na pengo. Sisemi mtu aende kuwahoji wenye silaha, tusije tukazikana. Maktaba, gazeti rasmi la serikali na ripoti za wazi za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinatosha kuanzia.

Lord of War itazameni, ni filamu nzuri. Ila mkifika pale kwenye Antonov, msimwangalie Yuri. Waangalieni wale wanaoondoka.