Wachunga Ng'ombe wa Sinema

Kauboi, kwa maana ya jina lake, ni mchunga ng'ombe. Basi mtu wa Ngara aliyekua nyuma ya ng'ombe wa pembe ndefu, akionyeshwa picha hizo za zamani za Marekani, ana haki ya kuuliza: mbona ng'ombe ni wachache hivi? Katika The Great Train Robbery, iliyotengenezwa na Edwin S. Porter mwaka 1903, habari yote ni ya wanyang'anyi, gari la moshi na farasi.

Wala habari yenyewe si kitu. Ni ile ile kila mara. Kipendezacho ni mwendo wa mtu. Picha za kwanza zilikuwa bubu, na asiyejua Kiingereza hakupungukiwa: kofia pana, bastola kiunoni, na jinsi mtu apandavyo farasi, vyatosha. Tena farasi hawezi kuishi katika mapori ya mbung'o ya Biharamulo, kwa hiyo Tony, farasi wa Tom Mix, kwetu ni kama mnyama wa hadithi.

Tom Mix hufurahisha kwa michezo na mavazi yake. Lakini mimi namweka William S. Hart mbele yake. Uso wake ni mkavu, hacheki ovyo. Katika Hell's Hinges, ya mwaka 1916, mhubiri ndiye aangukaye, na mhalifu Hart ndiye aongokaye. Kisha auteketeza mji wote kwa moto. Toba ya namna gani hiyo! Hata hivyo mtazamaji humwamini.

Walikuwako walioogopa nguvu hiyo. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937 zilitengenezwa picha kama 35 za kuwafundisha Waafrika: habari za safura, habari za kuweka akiba posta. Zilikuwa na faida, sikatai. Lakini ni kijana gani atakayeiga mwendo wa mtu awekaye akiba posta? Vijana wa Léopoldville katika miaka ya 1950 walijiita Bill, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama makauboi. Walitaka kuonekana watu wasioamriwa na mtu, katika mji ambamo waliamriwa kila saa.

Kosa la Hollywood ni jingine. Wachunga ng'ombe weusi walikuwa wengi Marekani, nayo ikawaficha. Bill Pickett wa Texas, aliyefariki mwaka 1932, alijulikana sana kwa kumshika ng'ombe pembe, kumpinda shingo, hata kumng'ata mdomo mpaka aanguke. Richard Norman, asiyekuwa mtu wa Hollywood, alimpiga picha mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika The Bull-Dogger. Hapo ng'ombe wanaonekana, na mzee wa Ngara angekaa kitako kutazama, ingawa nadhani angemkemea Pickett kwa kumtendea ng'ombe hivyo.