Ushanga wa Sita

Chitete, kandokando ya njia ya sokoni, yupo bibi mtunga shanga. Mchana mmoja nilimwamkia shikamoo, nikaketi mkekani kumtazama. Vidole vyake vilikwenda na midomo, akihesabu kimya: nyekundu mbili, nyeupe moja, buluu. Utungo ulipokaribia kufungwa akasita, akaurudia kwa vidole, kisha akaanza kuufumua. Shanga nyingi zilirudi ungoni kwa sababu ya moja tu.

“Mbona kosa halionekani, bibi?”

“Mvaaji atajua, mjukuu wangu.”

Nikamkumbuka fundi mwenzake, ribosomu, anayetunga protini ndani ya seli zetu. Agizo hubaki limetunzwa kwenye kiini. Nakala yake ndiyo humfikia, naye huisoma herufi tatu tatu. Herufi ni nne, mafungu 64: 61 hutaja asidi amino 20, matatu yaliyobaki humwambia basi, kata uzi. Wapagazi wadogo humletea shanga, kila mmoja na aina yake, na asiyeoana na fungu linalosomwa hurudishwa na mzigo wake. Hutunga kama shanga tano kwa sekunde, akikosea takriban mara moja katika elfu kumi.

Utungo wa beta wa himoglobini una shanga 146. Kwa mwenye selimundu, fundi hakukosea. Agizo lenyewe lilimfikia limebadilika herufi moja, GAG ikawa GUG, naye kwa uaminifu uleule akatia valini pale pa sita badala ya asidi glutamiki. Oksijeni ikipungua, seli nyekundu hupinda kama mundu, na usiku mtoto hulia mifupa ikimchoma. Mvaaji amejua. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayerithi agizo hilo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Ndiyo maana limedumu katika nchi zetu za mbu, na Tanzania maelfu ya watoto huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Tumebeba mafundi hawa kwa mamilioni katika seli moja, lakini mikono yetu imezoea kulipua kazi. Mabinti siku hizi huleta kutoka Tunduma tungo zilizokwisha fungwa, rangi zimechanganywa ovyo, uzi hukatika kabla ufuta haujavunwa. Hakuna anayefumua. Ukikatika, unatupwa, unanunuliwa mwingine.

Ribosomu hupata nakala mpya kila inapohitajika. Agizo la bibi alilipokea kinywani mwa mama yake, halikuandikwa popote, na binti zake hawakulichukua. Nilimwomba anihesabie polepole nami nikariri. Alianza upya, bila kuchoka: nyekundu mbili, nyeupe moja, buluu. Nilimfuata hadi ushanga wa tisa, nikapotea. Yeye aliendelea kuhesabu, peke yake.