Daktari Asiyekufa na Sadaka Yake

Wasomaji wetu wengi hupenda hadithi za wapelelezi, na sisi pia twazipenda. Mtu ameuawa, wala hapana amjuaye muuaji. Ndipo huja mwenye akili, akatazama tope la kiatu na majivu ya sigara, hata mwovu akapatikana. Walakini katika hadithi hizo mpelelezi ni mtu kama sisi: risasi ikimpata, atakufa. Leo twataka kuupima mchezo mmoja wa televisheni wa Marekani ambao mpelelezi wake hafi. Jina lake ni Forever, yaani Milele. Uliotunga ni mkono wa Matthew Miller, nao ulionyeshwa na shirika la ABC tangu Septemba 2014 hata Mei 2015. Zilitoka sehemu 22, kisha ukakomeshwa.

Mwenye kisa ni Daktari Henry Morgan, aigizwaye na Ioan Gruffudd, mtu wa Wales. Kazi yake ni kuchunguza maiti katika mji wa New York, apate kuwaambia polisi kilichowaua. Ameishi zaidi ya miaka 200, na uso wake haukuzeeka. Kila afapo, mwili wake hutoweka, naye huibuka majini, mzima, lakini uchi. Hata polisi hupata kumkamata kwa kukosa adabu. Katika wale awapendao, aijuaye siri hiyo ni mmoja tu, mzee Abe, mwenye duka la vitu vya kale. Watu huwadhania kuwa marafiki. Kumbe yule mwenye mvi ndiye mtoto, na yule mwenye nywele nyeusi ndiye baba! Abe aliokolewa akiwa mchanga katika kambi ya mateso ya Wanazi, Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, akalelewa na Henry na mkewe Abigail.

Kwanza tusifu lipasalo kusifiwa. Mambo ya nyumba hii ndiyo mema kupita yote. Judd Hirsch, aigizaye Abe, alizaliwa mwaka 1935, na Gruffudd mwaka 1973. Basi mwana amemzidi baba yake miaka 38, na hata hivyo twasadiki. Abe humpikia baba yake, humtania, humkemea kama wazee wawakemeavyo vijana; kisha kwa neno moja hurudi kuwa mtoto. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kila mzazi huomba azikwe na wanawe, asiwazike yeye. Henry ajua ya kuwa ombi hilo hatalipata. Abigail naye, alipoona uzee wamjia na mumewe yu vile vile, alishindwa kuvumilia, akaondoka. Hapa watungaji wametufundisha bila kuhubiri: maisha yasiyo na mwisho, akipewa mtu mmoja peke yake, hayawi zawadi, bali ni kuachwa nyuma na wote awapendao.

Kosa la mchezo limo katika zile maiti. Kila juma huletwa mtu aliyeuawa. Henry humsoma kwa furaha, kama mwanafunzi hodari asomavyo hesabu. Saa haijatimia, muuaji amejulikana. Juma la pili hapana amkumbukaye marehemu. Mpelelezi wa polisi, Jo Martinez, ni mjane, na katika uso wake twaona kwamba aliyekufa ameacha mtu nyumbani. Lakini hapewi nafasi ya kutosha. Twadhani mtu aliyeona mauti kwa miaka mia mbili angalikuwa mwepesi wa kulia kuliko wa kuonyesha elimu yake.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Henry hujitia kifoni mara kwa mara. Katika sehemu ya kwanza ajidunga sumu, apate kuijua ni sumu gani. Mara nyingine huingia hatarini kwa ajili ya wenziwe. Watazamaji humsifu kwa ushujaa. Sisi twauliza: je, huu ni ushujaa? Twakumbuka habari ya yule mjane maskini aliyetia senti zake mbili katika sanduku la sadaka. Matajiri waliomtangulia walitoa fedha nyingi, na jioni yake wakala kama desturi yao. Yeye alitoa posho yake. Basi Henry ni tajiri wa maisha. Atoa moja, na moja jingine lamngoja mtoni. Jo, akiingia katika nyumba yenye giza na bastola mkononi, anayo maisha yale yale mamoja tu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Labda mtu atasema kwamba twamwonea, maana Henry husikia maumivu kila afapo. Ni kweli, wala hatukatai. Lakini kuumia ni jambo moja, na kutoa usichoweza kurudishiwa ni jambo jingine.

Nao watungaji, twadhani, waliyajua haya. Maana walikiweka kifo chake cha kwanza mahali pa haki. Mwaka 1814 Henry alikuwa daktari katika merikebu ya watumwa. Mtumwa mmoja akashikwa na homa, nahodha akataka kumwondoa asije akawaambukiza wengine. Henry akasimama mbele yake, akapigwa risasi, akatupwa baharini. Siku hiyo hakujua kwamba ataibuka. Sisi wa pwani hii, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuhitaji kuelezwa merikebu ile ilikuwa nini. Tendo lake kuu kuliko yote, basi, alilitenda alipokuwa bado mtu wa kufa. Vifo vyote vilivyofuata ni chenji ya sarafu ile.

Katika sehemu ya mwisho adui yake Adam, naye pia hafi, na umri wake wapata miaka 2,000, ampiga kwa bastola ile ile ya mwaka 1814. Safari hii Henry hajui kama atarudi, na sisi watazamaji pia hatujui. Ndipo tulipoketi kimya. Katika sehemu zote 22, hapana kifo chake kingine kilichotushika moyo hivi, kwa kuwa hapa tena alikuwa na kitu cha kupoteza.

Walakini mwisho wenyewe hauna damu. Jo aja mlangoni akiwa na picha ya zamani: Henry, Abigail, na mtoto mchanga. Ataka kujua maana yake. Abe amhimiza baba yake aseme. Henry amjibu Jo kwamba ni habari ndefu. Na hapo mchezo wakatika. Wengi walilalamika kuachwa hapo. Sisi hatulalamiki. Zamani Henry alimwambia mke wake wa kwanza kweli hiyo, naye akadhani ana wazimu, akamtia mikononi mwa walinzi wa wenye wazimu. Tangu siku hiyo kuaminiwa na mtu ndicho kitu alicho nacho kidogo. Maisha anayo tele, ayatoe apendavyo, hayatapungua. Lakini kusema kweli mbele ya rafiki anayeweza kumkimbia, hizo ndizo senti mbili za Henry Morgan, na kwa macho yetu tulimwona akinyoosha mkono kuzitia sandukuni.