Kanuni: Mwanzi Upimao au Fimbo Ipigayo?

Neno "kanuni" lina makao mengi. Mwanasheria hulitaja mahakamani, mwalimu wa hisabati ubaoni, mwanasarufi kitabuni. Na katika taarabu ya Unguja ni jina la ala ya nyuzi. Kanisani twasema kanuni ya Maandiko, na papo hapo kanuni za usharika. Je, katika matumizi hayo mawili ya mwisho twasema jambo moja?

Kiswahili kimelipokea neno hili kutoka Kiarabu, qanun, nacho Kiarabu kutoka Kiyunani, kanon. Asili yake ni ya Kisemiti. Kiebrania husema qaneh, yaani mwanzi, na ndio mwanzi wa kupimia unaotajwa katika Eze. 40:3. Basi maana ya kwanza ni kifaa kilichonyooka, ambacho fundi hukiweka juu ya kazi yake ili aone palipopinda. Kwa maana hiyo Ibn Sina, katika karne ya 11, alikiita Al-Qanun kitabu chake kikuu cha utabibu. Na Athanasio, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, alivitaja vitabu 27 vya Agano Jipya kuwa vimetiwa katika kanuni.

Katika usemi wetu, hata hivyo, amri imekifunika kipimo. Mkristo asikiapo "kanuni" hufikiri kwanza katazo na adhabu. Hapo pana hatari. Mtume Paulo alitumia neno hilo katika Gal. 6:16, na tafsiri ya Union Version imelihifadhi. Lakini aya inayotangulia yaonyesha kwamba kanuni hiyo si kutahiriwa wala kutokutahiriwa, bali ni kiumbe kipya. Neno tunalolitumia kuwafungia watu mlango, Paulo alilitumia kuufungua.

Hatusemi kwamba usharika uishi bila utaratibu. Lakini hati ya Maungamo yetu ya mwaka 1577 yakiri Maandiko peke yake kuwa kipimo cha mafundisho yote na walimu wote. Kwa hiyo ingefaa sheria za usharika ziitwe taratibu, na neno kanuni liachiwe kile kizipimacho taratibu zenyewe. Mchungaji amtengaye msharika na Meza ya Bwana kwa jina la "kanuni" na ajiulize kwanza: mkononi mwake mna mwanzi, au mna fimbo?