Orodha Moja, Safu Tatu

Daftari la mfanyabiashara wa nafaka kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huwa na safu tatu zinazotaja mahali: mzigo ulikotoka, ulikovukia na unakokwenda. Tajiri akisema, "Nionyeshe malori yote yaliyogusa Busia," hajali neno hilo limeandikwa safu ipi. Kompyuta inajali. Ukichuja safu zote tatu kwa pamoja, itakuletea lori lililotoka Busia, likavukia Busia, likaishia Busia. Lori hilo halipo.

Karani hodari anamaliza shida hiyo kwa orodha kunjuzi moja, na mimi napenda kuona anavyoanza: anasafisha majina kwanza. Huku majina yana mitego. Kuna mji wa Busia upande wa Kenya na mwingine upande wa Uganda. Malaba nazo ni mbili; ya Kenya iko Kaunti ya Busia, ya Uganda iko Wilaya ya Tororo. Basi mahindi ya Mbale yanayopitia Malaba kwenda Eldoret yameingia Busia bila kuuona mji wa Busia. Isitoshe, Wilaya ya Busia ya Uganda ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, hivyo rekodi za kabla ya hapo zinaweza kuiweka chini ya Tororo. Mjuzi haachi "Busia" ikae peke yake kwenye orodha: anataja kama ni mji, kaunti au wilaya, na nchi yake.

Kisha fomula. Katika Excel, orodha inakaa seli H1, na sharti la kuchuja linaandikwa hivi: (C2:C500=H1)+(D2:D500=H1)+(E2:E500=H1). Itazame hiyo alama ya kujumlisha, maana ndiyo inayobeba kazi yote. Kila jibu la kweli linahesabiwa 1, la uongo 0. Jumla ikizidi 0, mstari unabaki. Ikiwa 0, unatoka. Weka alama ya kuzidisha badala yake, umerudi kwenye lile lori lisilokuwepo.

Ripoti ikikua, kama zile za Power BI, fundi anaunda jedwali la pembeni lenye namba ya safari na mahali tu, mstari mmoja kwa kila mahali palipoguswa. Safari ya Malaba inaandikiwa Malaba, ikaandikiwa pia Kaunti ya Busia. Tani hazihamishwi, zinabaki jedwali kuu. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu lori la tani 28 lililoguswa na chaguo moja mara mbili linabaki tani 28, wala haligeuki 56.

Ukikabidhiwa ripoti ya aina hii, chagua Kaunti ya Busia uandike tani zake, halafu Wilaya ya Tororo. Ukijumlisha hizo mbili unaweza kupata tani nyingi kuliko zilizosafirishwa, kwani lori moja hugusa kote kuwili. Ripoti haijakosea. Usizijumlishe.