Bafu Jipya Linalovuja: Namna ya Kumpima Fundi

Bafu likishakarabatiwa, wengi wetu hulikagua kwa macho tu. Vigae vimenyooka, mistari imelingana, rangi imependeza, fundi analipwa. Wiki chache baadaye jirani wa ghorofa ya chini anapiga hodi: dari yake ina doa la kahawia. Fundi anaitwa, anakwangua grauti, anapaka nyingine, anaongeza silikoni pembeni. Doa linakauka kidogo, halafu linarudi.

Vigae havikuwekwa kuzuia maji. Grauti ya saruji hunywa maji, na kila mtu akioga kuna kiasi kinachopenya chini. Hiyo si kasoro. Kizuizi chenyewe ni utando wa dawa ya kuzuia maji uliopakwa juu ya plasta kabla ya vigae, ambao mwenye nyumba hatauona tena mpaka siku ya kubomoa. Ndiyo maana fundi hupimwa kabla hajabandika kigae cha kwanza.

Nenda siku ya kupaka dawa, na uanzie kwenye kona. Sakafu na ukuta havichezi pamoja, hivyo dawa hupasuka pale vinapokutana. Fundi anayeijua kazi hulaza ukanda wa kitambaa kwenye kona zote na kuzunguka tundu la maji machafu, kisha hupaka mikono miwili, wa pili ukiukatiza wa kwanza. Walio makini hutumia rangi mbili, ili palipokosa mkono wa pili paonekane. Penye bomba la mvua dawa ipande ukutani hadi mita 1.8 hivi, si kuishia magotini.

Uliza pia mteremko umetengenezwa wapi. Sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tunduni zinatosha, lakini ziwe kwenye sakafu iliyo chini ya dawa. Anayelaza sakafu bapa kisha akatafuta mteremko kwa kuongeza gundi atakupa vigae vinavyomwaga maji vizuri, huku yaliyopenya yakituama chini yake bila pa kwenda.

Dawa ikishakauka, tundu lizibwe, maji yajazwe, alama ipigwe kwa penseli, na yaachwe saa 24. Yakishuka sana, au dari ya chini ikitoa jasho, kazi irudiwe. Fundi akikwambia, “Bosi, hiyo haina haja, mimi nina uzoefu,” tafuta mwingine. Uzoefu ndio ungemfundisha kuupenda mtihani huo.

Vigae vikishabandikwa, vigonge kwa sarafu. Mlio mtupu unaonyesha gundi iliwekwa kwa madonge badala ya kutandazwa, na maji yatakaa humo. Kwenye kona atie silikoni. Grauti hapo itapasuka tu.

Na bafu ambalo tayari linavuja? Usianze na nyundo. Funga mabomba yote ya nyumba utazame mita ya maji. Ikizunguka, huenda bomba lililo ukutani limepasuka. Ikitulia, mimina maji moja kwa moja tunduni kwa mpira bila kulowesha sakafu. Yakitokea chini, maungio ya bomba la maji machafu ndiyo mabovu. Yasipotokea, ziba tundu ufurikishe sakafu peke yake, na mwisho umwagie kuta. Kati ya jaribio na jaribio subiri masaa kadhaa, maana maji hutambaa polepole ndani ya zege na yanaweza kudondoka mbali na yalikoingilia.

Ikigundulika kuwa ni utando, grauti mpya ni kupoteza pesa, na kubandika vigae vipya juu ya vya zamani ni kulificha tatizo. Dawa ya kweli ni kubomoa na kupaka upya.

Kwa anayekaribia kukarabati: andika kwenye makubaliano kwamba vigae havitabandikwa kabla ya saa 24 za maji, na fedha ya awamu hiyo isitoke mpaka uwe umeitazama alama ya penseli mwenyewe.